Magauni Mapana ya Safari

2 Agosti

Mume wangu Fundi,

Nimefika. Ile simu ya juzi ilikatika kabla sijamaliza kukueleza kwamba sauti ya kiume uliyoisikia nyuma yangu ilikuwa ya redio, iko jikoni kwa dada, na ilikuwa inasoma habari za mvua. Uliniuliza ni nani huyo mara tatu. Hukuniuliza hata mara moja kama ndege ilinitia kichefuchefu. Basi nimekubali ulivyotaka, tuandikiane mpaka nirudi, maana karatasi haina watu wanaocheka kwa nyuma. Posta ya haraka iko chini ya jengo hili hili, na dada anasema barua haizidi wiki moja njiani.

Dada anakaa ghorofa ya tatu, kwenye mtaa mwembamba wa mawe unaoteremka hadi mtoni. Mwoka mikate yuko upande wa pili wa njia. Asubuhi ukifungua dirisha unashiba kwa pua kabla hujanawa uso. Mchana wanafunga maduka yote wanakwenda kulala. Watu wazima, Fundi, wenye biashara zao, wanalala mchana kweupe na hakuna mteja anayegonga! Na mimi nimejaribu. Niliamka na alama ya shuka shavuni.

Jioni ndiyo raha yenyewe. Kila nyumba inatoa meza yake barabarani na sufuria yake, na ukipita unaitwa. Mama wa ghorofa ya chini alinipakulia supu ya samaki, nyepesi, yenye ndimu nyingi na majani fulani ambayo sijawahi kuyaonja, na mkate wa kuchovya. Hatuelewani hata neno moja, lakini aliona uso wangu akanijazia bakuli tena. Hapa ninapoandika lipo bakuli la tatu pembeni.

Dada anakusalimu. Anasema kitanda cha wageni alikitandika kwa watu wawili, na mpaka leo hajaelewa sare za shule ni kitu gani hata zisiweze kusubiri.

Kuhusu yale magauni matatu uliyonishonea ya safari, dada aliyatazama, akanitazama mimi, akasema, "We, una mimba hunihabarishi?" Nikamweleza kama ulivyonieleza, kwamba nguo ya safari lazima ipumue. Akasema hii haipumui, hii inahema.

Mkeo,
Msusi

8 Agosti

Mke wangu,

Barua yako imefika na doa la mafuta kwenye kona. Nimeinusa. Kwa hiyo ni kweli, unaniandikia huku unakula.

Mimi ni mzima kwa nje. Chumba chetu cha kazi kimekuwa kikubwa ghafla. Upande wangu cherehani inalia kama kawaida. Upande wako kile kiti cha kusukia kiko tupu, na kioo chako hakina mtu wa kumwonyesha ila mimi, kutwa nzima, kila nikiinua kichwa. Wateja wako wanachungulia mlangoni, wanauliza unarudi lini, halafu wanaondoka na vichwa vyao vilivyofumuka. Sare za shule zinanimaliza. Ndiyo sababu sikuja, na shemeji anaijua vizuri, asijitie hajui.

Sasa naomba unijibu. Huyo mama wa ghorofa ya chini ana mume? Ana watoto wa kiume, na wana umri gani? Umesema ukipita unaitwa. Unaitwa na nani? Kwenye hiyo meza ya barabarani, nani alikaa kulia kwako na nani kushoto? Sijamkataza mtu kunywa supu. Ila mtu anayefika bakuli la tatu ugenini, hata mzigo hajaufungua wote, mimi kwangu sijawahi kumwona akirudia chakula. Nimekupikia mara ngapi siku zako za kazi nyingi? Ulisema umeshiba.

Shemeji hajui kushona hata kifungo. Gauni la safari huachiwa nafasi kwa sababu ndege inavimbisha watu, kila mtu anajua hilo. Yavae kama yalivyo.

Na jambo moja zaidi. Nimeisoma barua yako mara ya pili, taratibu, nikitafuta mahali uliposema ungependa niwepo. Nikageuza hata nyuma ya karatasi.

Mumeo,
Fundi

13 Agosti

Mume wangu,

Mume anaye, ni mzee wa kukohoa, hutolewa nje na kiti chake. Watoto wa kiume hana. Kulia kwangu alikaa dada na kushoto alikaa paka. Umeridhika?

Juzi tulipanda kilima kilicho nyuma ya mji. Ngazi tupu, mpaka magoti yakanisema. Lakini juu kule, Fundi! Mto wote unauona ulivyojikunja, na mapaa ya nyumba yamebanana mekundu mekundu, na ng'ambo kuna vilima vingine nyuma ya vilima, kila kimoja kimefifia kuliko kilichotangulia. Kuna bibi na babu wana kibanda pale, wanauza mkate uliofunguliwa kati ukajazwa jibini laini na asali. Asali ilinichuruzika mpaka kiwikoni na sikuona haya. Dada ameahidi wiki ya pili ya Septemba atanipeleka ziwani, kule milimani, lile ziwa ambalo picha yake iko kwenye kalenda niliyokukatalia kuitoa ukutani na mwaka wake umeshapita. Nikifikiria hilo silali.

Sasa sikiliza usiruke. Wakati wa kuteremka nilikanyaga pindo la gauni la bluu nikaserereka ngazi nne kwa makalio, mbele za watu. Sijaumia ila heshima. Dada akasema basi, akanishika mkono moja kwa moja hadi kwa fundi wa pale kona. Ni mwanamume, umri wako, ana masharubu, na duka lake ni chumba kimoja kama chetu. Dada ndiye aliyekuwa akitutafsiria. Alinipima, akaligeuza gauni ndani nje, akacheka. Halafu akaacha kucheka, akavaa miwani, akaanza kupitisha vidole vyake juu ya mishono yako kama mtu anayesoma.

Unajua alisema nini? Alisema aliyeshona hili ana mkono mzuri kuliko wake. Akasema mshono kama huu haupotei njia. Halafu akaonyesha kiunoni, ulipoacha kitambaa cha kutosha gauni la pili, akasema mtu wa mkono huu hakosei kipimo, huyu amekusudia.

Fundi, ulikusudia?

Ameyapunguza yote matatu, amemaliza jana jioni. Leo nilipokuwa napita kwenye kioo cha duka la viatu nilimwona mwanamke mmoja amependeza, nikasogea nimpishe. Nilikuwa mimi.

Mkeo,
Msusi

18 Agosti

Mke wangu,

Alikupima wapi? Usiniambie dukani. Nauliza kwenye mwili. Mabega ni sawa. Urefu ni sawa. Kiunoni alipitisha tepu mwenyewe au alikupa uipitishe? Alisimama mbele au nyuma? Na shemeji wakati huo alikuwa anatazama wapi?

Tangu siku ile ulipoingia dukani na kitambaa chako cha kijani, hakuna mkono mwingine uliokupima. Nilikupima kiuno mara tatu siku ile nikisema nimesahau kuandika, na wewe ulijua sijasahau, ukasimama tu unatazama dari na tabasamu lako. Nilidhani hiyo ni mali yetu. Kumbe mtu mwenye masharubu anaweza kuipata kwa kuvaa miwani.

Wala usidanganyike na sifa zake. Fundi hamsifii fundi mwenzake bure. Anasifia mshono ili aruhusiwe kuufumua. Mimi nilikaa wiki nzima kwenye magauni yale, yeye kayamaliza kwa siku moja, na wewe unaniandikia kwa furaha kwamba umempisha mtu kwenye kioo! Na wangapi wengine wamekupisha? Umewahesabu?

Swali lako sitalijibu kwa barua.

Hata hivyo, na mimi nina habari, usidhani huku tumelala. Kuna nesi mgeni wa hospitali ya hapa jirani, alikuja kupunguza sare zake. Ni mtu wa mazungumzo sana. Siku hizi akitoka zamu hupitia hapa mchana, anakaa kwenye kiti chako kwa sababu ndicho kilicho wazi, tunapiga soga. Jana aliniletea maharage ya nazi kwenye chombo cha kufunika, moto moto, nikala nikamaliza, nikapangusa chombo kwa kipande cha mkate. Anasema mwanamume hafai kuachwa anywe chai kavu. Ni mteja tu. Nakuambia kwa sababu mimi sifichi kitu.

Furahia ziwa.

Fundi

23 Agosti

Fundi,

Anakaa kwenye kiti changu?

Kile kiti nilikinunua mimi kabla sijakujua. Kina alama ya kiwiko changu upande wa kushoto. Wateja wangu wakitaka kukaa husubiri niwaambie karibu. Na huyo anakaa tu, kwa kuwa kiko wazi!

Uliniuliza kwa nini sikuandika kwamba ningependa uwepo. Nitakuambia, kwa sababu nina hasira na hasira inanipa ujasiri. Sikuandika kwa sababu haikuwa kweli. Sikukukumbuka. Siku ya kwanza kidogo, halafu basi. Miaka yote hii mchana tuko chumba kimoja na usiku tuko chumba kimoja, nikipiga chafya wewe ndiye unayefuta pua. Huku nilikaa mtoni peke yangu nikala matunda ya mfuko mzima, hakuna aliyeniuliza nafikiria nini. Nilipumua, Fundi. Na kupumua kule kulinitisha, nikawa sikuandikii kuhusu hilo, nakuandikia supu.

Leo nilipofika kwenye neno kiti, nilikukumbuka. Nilimwona huyo mwanamke amekaa, miguu ameikunja, anakutazama ukifunga uzi kwa meno. Mimi ndiye ninayekutazama ukifunga uzi kwa meno.

Nimekwenda kubadilisha tiketi. Narudi Jumanne, tarehe 5 Septemba. Dada amekasirika, maana likizo yake alikuwa ameipanga kwa ajili ya lile ziwa na sasa itabidi airudishe kazini. Nimemwambia ziwa halihami. Magauni nitayavaa yalivyo sasa, na nikifika nitapita mbele ya huyo nesi wako taratibu.

Msusi

28 Agosti

Mke wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, na nikupe ukweli wote: nilifurahi. Niliimba. Jirani wa duka la viatu alikuja kuuliza kama nimepata mtoto. Nilifagia chumba, nikaosha kioo chako kwa gazeti na maji ya ndimu, nikanyoa ndevu. Nilikuwa nimeshinda.

Halafu nikakaa kwenye kiti chako nikaisoma tena, na safari hii nikasimama pale uliposema ulikaa mtoni na matunda. Nimekuwa nikijiuliza ni nani aliyekaa kulia kwako na nani kushoto, kumbe mtu niliyekuwa nikimwonea wivu ni wewe, ukiwa peke yako.

Hakuna nesi. Yaani yupo mmoja, alikuja kabla hujaondoka kutengeneza zipu, ni mama mtu mzima mwenye wajukuu, na alinisema kwa kuchelewesha. Hajarudi. Hakuna aliyekaa kwenye kiti chako ila mimi leo. Mchana nakula mkate na chai, na siku nyingine chai bila mkate.

Na ndiyo, nilikusudia. Nilikata magauni yote matatu mapana kwa makusudi, nikijua ninachofanya, na kila mshono ulikuwa unanisuta. Mimi kazi yangu ni kumfanya mtu apendeze. Nilijua nikikukata gauni la kukukaa, watu wa huko watakuona kama mimi ninavyokuona, na mimi sitakuwepo kuwatazama wakikuona. Yule mwenzangu wa masharubu alinifumania akiwa huko huko aliko.

Kuna lingine. Sare za shule zilikwisha kabla hujapanda ndege. Nilikuwa nimezifunga kwenye magunia nyuma ya pazia. Sikuja kwa sababu niliogopa. Hapa mimi ni Fundi, nikipita watu wananiita, wananiuliza. Huko ningekuwa mume anayebeba mfuko na kuuliza hiki kinaliwaje, na shemeji akinitafsiria hata kuomba maji. Niliogopa ungenitazama ukaona kwamba mtu wako ni huyu tu. Kwa hiyo nikakaa nyumbani nikakuonea wivu kwa supu.

Usirudi Jumanne. Naandika hivi na roho inaniuma kama nimejichoma sindano chini ya kucha, lakini usirudi kwa nesi asiyekuwepo. Nenda ziwani. Kaa hadi tarehe yako ya kwanza. Kama huko utapumua na ukaona unataka kuendelea kupumua bila mimi, niandikie mwenyewe kwa mkono wako, usimpe shemeji kazi ya kunieleza.

Yule wa masharubu asiende ziwani.

Mumeo,
Fundi

Jumatatu, 4 Septemba
(kwa haraka)

Shemeji,

Hii ni kukujulisha tu kwamba barua yako imefika asubuhi hii na mizigo ya mkeo ikiwa tayari mlangoni. Ameisoma na koti mwilini. Sasa amejifungia chooni na sijui analia au anacheka, sauti zenyewe zinafanana. Mimi siku zote nilimwambia: mume wako tangu lini anakula maharage, si ndiye aliyelala sakafuni siku ya arusi yenu kwa tumbo la maharage? Hakunisikia. Wewe na yeye mmefanana, ndiyo maana nawaonea huruma majirani zenu.

Shemeji yako

9 Septemba

Mume wangu,

Nilikaa siku nzima bila kuzungumza nawe. Najua hukujua kwamba nimekununia, lakini nilinuna. Umenifanya nimchukie mwanamke mwenye wajukuu. Nimemtukana kimoyomoyo kuanzia kwa dada hadi ofisi ya tiketi, na kurudi.

Halafu nikairudisha ile tiketi kwenye tarehe yake ya kwanza. Nitakuja tarehe 16 kama ilivyokuwa, si kabla. Sijakusamehe nesi. Magauni nimekusamehe, kwa sababu uliniandikia sababu yake, na nimeisoma sababu hiyo mara nyingi kuliko nitakavyokuambia. Na kuhusu huyo mume wa kubeba mfuko na kuuliza hiki kinaliwaje: mimi ndiye niliyekuwa hivyo wiki zote hizi. Nimekula limau lililowekwa mezani kwa kunawia mikono. Mtaa mzima ulicheka na mimi nikacheka. Hukuwepo kuona, ndiyo hasara yako.

Dada hakupata likizo nyingine, kwa hiyo nimekuja ziwani peke yangu. Basi lilizunguka milima mpaka nikafumba macho, na nilipoyafumbua lilikuwa pale chini, limetulia, nusu ya kijani na nusu jeusi kwa kivuli cha mlima. Nilitafuta mtu wa kumvuta mkono nimwonyeshe. Kijana wa watu aliyekaa karibu nami alikuwa amelala kinywa wazi, na usianze kuuliza, alikuwa na umri wa kuwa mwanangu.

Kuna mkahawa wa mbao juu ya maji. Wanamvua samaki hapo hapo, wanamkaanga kwa siagi mpaka ngozi inalia kwenye meno, wanamleta na viazi vidogo vya kuchemsha na maganda yake. Mhudumu aliniuliza tuko wangapi. Nikanyoosha vidole viwili. Sikufikiria, vilijinyoosha. Akaleta sahani mbili, samaki wawili, glasi mbili.

Meza ya jirani kulikuwa na mume na mke wanagombana juu ya ramani. Mume ameigeuza juu chini, mke anamnyang'anya, mume hataki, wanazozana kwa lugha yao mpaka watu wanageuka. Na mimi nikawaonea wivu, Fundi. Nimewaonea wivu wa kweli, ule wako, wa kuuma, mpaka viazi vikapoa. Nilitamani uwepo, unisumbue.

Nimemla samaki wangu, nikamla na wako. Glasi na sahani yako safi nilimkatalia mhudumu kuziondoa. Akaniuliza mwenzangu atafika saa ngapi. Nikamjibu kwa yale maneno machache ya lugha yao niliyofundishwa na dada: mwaka ujao. Alinitazama kwa huruma, akadhani sijui kusema.

Mkeo,
Msusi